Fedha ndani ya fedha: sarafu ya Dürer na herufi mbili alizozipigania

Neno "fedha" katika Kiswahili linafanya kazi mbili. Fedha ni pesa, ile unayolipia nauli na kodi ya chumba. Fedha pia ni madini, yale meupe ambayo sonara hutengenezea pete na bangili. Siku hizi maana hizi mbili hazikutani, kwa sababu sarafu iliyo mfukoni mwako haina madini ya fedha hata chembe. Zamani zilikuwa kitu kimoja. Kuna sarafu moja ya Ujerumani Magharibi, ya mwaka 1971, inayotuonyesha vizuri jinsi zilivyoachana.

Ni sarafu ya kumbukumbu ya marki 5, iliyotengenezwa Munich kuadhimisha miaka 500 tangu kuzaliwa kwa Albrecht Dürer. Huyu ni mmoja wa wachoraji wakubwa wa Renesansi, yaani kile kipindi cha karne ya 15 na 16 ambapo Ulaya ilikuwa ikifufua elimu ya kale na kubadili kabisa namna ya kuchora, kujenga na kuchunguza maumbile. Sarafu ina upana wa milimita 29 na uzito wa gramu 11.2. Upande mmoja una tai wa Ujerumani. Upande wa pili ungetegemea kuona sura, kwani Dürer alijichora mwenyewe mara nyingi, na picha yake maarufu ya mwaka 1500, ile ya nywele ndefu zilizomwagika mabegani, iko Munich hukohuko.

Lakini sura haipo. Badala yake kuna herufi mbili: A kubwa yenye kichwa bapa, na D ndogo iliyokaa chini yake, katikati ya miguu ya A.

Kwa nini nchi imheshimu mchoraji kwa herufi mbili tu? Ili kujibu, inabidi turudi miaka mia tano nyuma, kwenye karakana ya sonara.

Mtoto wa sonara

Dürer alizaliwa tarehe 21 Mei 1471 katika mji wa Nuremberg, mtoto wa tatu kati ya 18. Baba yake, naye Albrecht, alikuwa sonara aliyehamia hapo kutoka Hungaria. Hata jina la ukoo ni tafsiri: kijiji walikotoka kiliitwa Ajtós, na kwa Kihungaria "ajtó" ni mlango. Kwa Kijerumani mlango ni "Tür". Ndo maana ngao ya familia yao ina mlango ulio wazi.

Kijana alianza kazi kwa baba yake. Alijifunza kushika patasi nyembamba ya chuma na kuchora mistari kwenye metali, kazi isiyosamehe: mkono ukiteleza, kazi ya siku nzima imeharibika. Baadaye, mwaka 1486, aliomba aende kujifunza uchoraji kwa Michael Wolgemut. Baba hakufurahi, maana aliona miaka ya mafunzo inapotea. Haikupotea. Ufundi uleule wa kuchonga vyombo vya fedha ndio unaotumika kuchonga mabamba ya shaba ya kuchapia picha. Unachonga mstari kwenye bamba, unapaka wino, unafuta juu, wino unabaki ndani ya mistari, kisha unagandamiza karatasi yenye unyevu kwa mtambo. Picha inahamia kwenye karatasi. Bamba moja linakupa mamia ya nakala.

Utaona kwamba sarafu nayo ni ndugu wa karibu wa kazi hii. Fundi anachonga picha kwenye chuma kigumu, ikiwa imegeuzwa kama kwenye kioo, halafu kipande cha metali kinagongwa hapo hadi kipate umbo. Karatasi au metali, mantiki ni ileile: umbo moja, nakala nyingi zinazofanana. Kugeuza huko si mchezo. Dürer mwenyewe ana picha ya mwaka 1500 hivi, ya mchawi aliyepanda mbuzi akitazama nyuma, ambayo D ya alama yake imetoka kinyume. Picha ilitoka hivyohivyo, na iko kwenye makumbusho hadi leo.

Hata sarafu na medali alizigusa. Mwaka 1521 mji wa Nuremberg ulitaka kumpa zawadi mfalme mkuu mpya, Karl wa Tano, aliyetarajiwa kufanya mkutano wake wa kwanza hapo. Dürer alichora muundo wa medali ya fedha, na fundi Hans Krafft akaitengeneza. Tauni ilipoingia mjini, mkutano ukahamishiwa Worms, na medali ikakosa sherehe yake.

Karatasi inalipa kuliko mbao

Tukisema "mchoraji wa Renesansi", wengi tunawaza picha kubwa ya rangi iliyoning'inia kanisani. Kwa Dürer, pesa yenyewe ilikuwa kwenye karatasi.

Mwaka 1498 alitoa kitabu cha Ufunuo wa Yohana chenye picha kubwa 15 zilizochongwa kwenye mbao na kuchapwa. Alikichapisha mwenyewe, jambo lisilo la kawaida kwa mchoraji wa wakati ule. Tayari mwaka uliotangulia alikuwa amemwajiri wakala wa kuzunguka miji ya nje kuuza picha zake. Mke wake, Agnes, alizipeleka kwenye maonyesho ya biashara ya Frankfurt. Mama yake, Barbara, naye aliuza. Kwa maneno mengine, hii ilikuwa biashara ya familia, na ilitegemea watu wa mbali kununua kazi ya mtu ambaye hawajawahi kumwona.

Faida yake tunaijua kutoka kwa Dürer mwenyewe. Jakob Heller, mfanyabiashara wa Frankfurt, alimwagiza picha kubwa ya altare. Kazi ilichukua muda mrefu na malipo yalikuwa gulden 200. Mwaka 1509 Dürer alimwandikia akilalamika kwamba kama angebaki kwenye kazi ya kuchonga mabamba, angekuwa tajiri zaidi kwa gulden 1,000. Na ona jinsi historia ilivyoamua: sehemu ya kati ya picha ile, aliyoichora Dürer kwa mkono wake, iliungua mwaka 1729 huko Munich. Picha zake za karatasi zimebaki, tena nyingi.

Sasa tatizo la nakala unalijua. Kitu kinachonakilika kwa urahisi kwako kinanakilika kwa urahisi kwa mwingine pia. Mnunuzi wa Antwerp au Venice atajuaje kwamba karatasi hii imetoka kwa Dürer na si kwa mjanja fulani? Jibu la Dürer lilikuwa zile herufi mbili. Aliziweka karibu kila mahali: kwenye jiwe ndani ya picha, kwenye kibao kinachoning'inia tawini, kwenye kona ya chini. Wachongaji wa kabla yake, kama Martin Schongauer, nao waliweka herufi zao. Dürer alizifanya kuwa jina linalouza.

Kesi ya Marcantonio

Mnamo mwaka 1506 hivi, mchongaji wa Kiitalia aitwaye Marcantonio Raimondi alianza kunakili mfululizo wa Dürer kuhusu maisha ya Bikira Maria. Dürer alikuwa amezichonga kwenye mbao. Marcantonio alizihamishia kwenye shaba, mstari kwa mstari, kwa ustadi wa kutisha. Na aliweka pia alama ya AD.

Giorgio Vasari, aliyeandika maisha ya wachoraji, anasimulia kwamba Dürer alikasirika, akaenda Venice kushtaki mbele ya serikali ya mji. Vasari aliandika miongo mingi baada ya tukio, na ana tabia ya kuchanganya tarehe, kwa hiyo tusiyachukue maelezo yake yote kama kumbukumbu ya mahakama. Lakini hukumu anayoitaja inastahili kutafakariwa: Marcantonio alikatazwa kutumia jina na alama ya Dürer. Basi. Picha zenyewe hakukatazwa kunakili.

Hukumu ya namna hiyohiyo tunaikuta mjini kwake, safari hii kwenye kumbukumbu rasmi. Mwaka 1512 baraza la mji wa Nuremberg lilishughulikia mgeni aliyekuwa akiuza picha karibu na jumba la mji, baadhi zikiwa na alama ya Dürer iliyoghushiwa. Baraza likaamua aondoe alama hizo, la sivyo mali itachukuliwa. Angeweza kuendelea kuuza picha, ila bila AD.

Huenda unajiuliza: hii ni haki kweli? Mtu amekuibia ubunifu wote, unalindwa herufi mbili! Dürer mwenyewe hakuridhika. Vitabu vyake vya mwaka 1511 vina onyo kali kwa wezi wa kazi za wengine, na anataja kwamba Maliki Maximilian amempa kinga: yeyote atakayenakili kazi hizo ndani ya himaya atanyang'anywa bidhaa. Alitaka picha ilindwe, si jina tu.

Leo nchi nyingi zina sheria mbili tofauti kwa mambo haya. Hakimiliki inalinda kazi yenyewe. Alama ya biashara inalinda ishara inayomwambia mnunuzi bidhaa imetoka wapi. Wazee wa Nuremberg walielewa haraka ile ya pili, na sababu yake haikuwa mapenzi kwa wasanii. Mji wao uliishi kwa kuuza vyombo vya metali mbali na nyumbani. Sonara aliyegonga muhuri wa mji kwenye fedha mbovu aliharibia mafundi wote. Alama ya uongo, kwao, ilikuwa kosa la familia moja na sarafu ya bandia.

Kifaru na mipaka ya alama

Kuna jambo moja ambalo alama haiwezi kufanya, na mfano wake bora umepita kwenye pwani yetu.

Mwaka 1515 Wareno walisafirisha kifaru kutoka India kwenda Lisbon. Alikuwa zawadi ya Sultani wa Gujarat. Meli ilivuka Bahari ya Hindi, ikatua kwa muda mfupi Msumbiji, ikazunguka Rasi ya Tumaini Jema na kufika Lisbon tarehe 20 Mei. Ulaya haikuwa imemwona kifaru hai kwa zaidi ya miaka elfu moja. Barua yenye maelezo na mchoro ilifika Nuremberg, na Dürer, ambaye hakumwona mnyama huyo hata siku moja, akachonga picha.

Unaijua picha hiyo hata kama hujui jina la aliyeichora. Ngozi imegawanyika vipande kama deraya ya askari. Miguu ina magamba. Na mgongoni, juu ya mabega, kuna pembe ndogo ya ziada ambayo hakuna kifaru duniani aliyezaliwa nayo. Hata mwaka wa kufika kwake umeandikwa 1513, miaka miwili kabla ya wakati. Upande wa kulia, juu, ipo AD.

Picha ile ilinakiliwa kwenye vitabu vya elimu ya wanyama kwa zaidi ya miaka 200. Watu waliiamini mpaka katikati ya karne ya 18, wakati kifaru jike aliyeitwa Clara alipozungushwa Ulaya na watu wakaanza kumchora kwa kumtazama. Yule wa kwanza, maskini, alizama na meli karibu na pwani ya Italia mwanzoni mwa 1516, akipelekwa kwa Papa Leo wa Kumi.

Alama ilikuwa halali kabisa. Kazi kweli ilikuwa ya Dürer. Lakini halali hiyo haikuongeza wala kupunguza pembe mgongoni. Muhuri unakuambia nani anasimama nyuma ya kitu. Kama kitu chenyewe ni sahihi au kina thamani, hilo ni swali jingine, na linahitaji ushahidi mwingine.

Turudi mwaka 1971: hebu tupige hesabu

Tukiwa na wazo hilo, tuichukue tena sarafu yetu ya gramu 11.2. Metali yake ilikuwa mchanganyiko wenye fedha sehemu 625 katika kila 1,000. Kwa hiyo:

11.2 × 0.625 = gramu 7 za fedha halisi.

Bei ya fedha hupimwa kwa aunsi ya masonara, ambayo ni gramu 31.1. Gramu 7 ni kama aunsi 0.225. Mwaka 1971 aunsi moja ilikuwa kama dola 1.55, na dola moja ilikuwa kama marki 3.5. Zidisha: fedha iliyokuwa ndani ya sarafu ilikuwa na thamani ya karibu marki 1.20. Maandishi yalisema marki 5. Tofauti ile, karibu marki 3.80, haikuwa kwenye madini. Ilikuwa ahadi ya serikali. Unaipokea sarafu kwa sababu unaamini aliyegonga muhuri, kama mnunuzi wa Antwerp alivyoamini AD.

Halafu bei ya fedha ikaanza kupanda. Sarafu za kawaida za marki 5, zilizokuwa na uzito na mchanganyiko huohuo wa fedha, ziliondolewa kwenye mzunguko mwaka 1975, zikaja mpya za shaba na nikeli. Sarafu za kumbukumbu ziliendelea kutengenezwa kwa fedha kwa miaka michache. Mwaka 1979 zilitengenezwa za Otto Hahn, mkemia mmojawapo wa waliogundua kupasuka kwa kiini cha atomu ya urani, kwa miaka 100 tangu kuzaliwa kwake. Kabla hazijasambaa, bei ikaruka. Ikabidi sarafu za fedha ziyeyushwe na za metali ya kawaida ndizo zitolewe.

Januari 1980 aunsi ilifika karibu dola 50, wakati dola ilikuwa imeshuka hadi kama marki 1.7. Fanya hesabu upya: gramu zile 7 sasa zilikuwa na thamani ya takribani marki 19. Sarafu imeandikwa 5, ndani yake mna 19. Nani atanunulia mkate?

Hakuna. Atakayekuwa nayo ataificha, au ataipeleka kwa sonara. Nicolaus Copernicus, mwanaastronomia aliyezaliwa miaka miwili tu baada ya Dürer, aliliandika jambo hili mwaka 1526 alipokuwa akishauri kuhusu sarafu za Prussia: ukiweka sokoni sarafu nzuri na mbovu zenye thamani sawa kimaandishi, nzuri zitatoweka. Zile sarafu za kumbukumbu zilitoweka hivyohivyo, zikaishia kwenye makabati ya wakusanyaji, na nyingine kwenye tanuri.

Mwaka 2002 marki yenyewe ikaacha kutumika. Benki kuu ya Ujerumani bado inabadilisha marki bila ukomo wa muda, kwa kiwango kilekile cha marki 1.95583 kwa yuro moja. Ukipeleka sarafu ya Dürer utapewa yuro 2.56. Kwa bei za madini za miaka hii, fedha iliyo ndani inauzwa zaidi ya hapo. Ahadi inaheshimiwa mpaka leo, ila madini yameipita.

Kwa hiyo herufi mbili zilitosha?

Kwa maoni yangu, ndiyo, tena zilifaa kuliko sura. Sura ingetuambia Dürer alifananaje. Herufi zinatuambia alipigania nini: haki ya fundi kwamba jina lake lisitumiwe na mwingine, na haki ya mnunuzi kujua anachonunua kimetoka kwa nani. Kuziweka kwenye sarafu ni kuzirudisha nyumbani, kwenye metali, ambako mtoto wa sonara alijifunza kuchonga. Tena ziko kwenye kitu ambacho kughushi muhuri wake ni jela moja kwa moja, ulinzi ambao Dürer aliutamani maisha yake yote na kuupata nusunusu.

Sarafu hiyohiyo inatuachia pia tahadhari. Muhuri wa serikali ulikuwa wa kweli mwaka 1971 na ulikuwa wa kweli mwaka 1980, lakini thamani ya kilichomo ilikwenda kutoka marki 1.20 hadi 19 bila kumuuliza mtu. Alama ya Dürer ilikuwa ya kweli kwenye kifaru, na pembe ya mgongoni ikabaki kuwa ya uongo. Kwa hiyo ukishika sarafu ya kumbukumbu, au cheti, au taarifa yenye nembo iliyosambazwa kwenye kundi lenu la simu, jiulize maswali mawili, na usiyachanganye. La kwanza: nani kweli ameweka alama hii? La pili, hata kama ni yeye: ndani mna nini?